Boti mpya ya faiba futi 23 au mashua kuukuu ya futi 36? Nina milioni 19, nisaidieni kabla sijalipa

Baharia wa Kipumbwi (mleta mada)

Wakuu salaam. Nimeanza kuvua nina miaka 14 kwenye ngalawa ya mjomba, hapa hapa Kipumbwi, Pangani. Baadaye nikawa baharia kwenye vyombo vya watu, mshipi na jarife (wavu wa matundu makubwa), dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, nimekwenda Mkokotoni mpaka Mafia. Sasa nina miaka 37 na nimechoka kula fungu moja, mgao wa baharia tu. Nimeuza kiwanja cha urithi, nikaongeza na akiba, imefika milioni 19.

Nimepata vyombo viwili.

Cha kwanza ni boti mpya ya faiba, futi 23. Fundi yuko Tanga mjini. Boti tupu milioni 8.5, na mashine mpya ya HP 15 nimeambiwa milioni 6.8. Jumla 15.3.

Cha pili ni mashua ya mbao, futi 36, ilijengwa Nungwi, ina miaka 11 majini. Ina injini ya dizeli ndani, tanga na foromali (mti wa kubebea tanga) vipo. Mwenyewe amezeeka, watoto wake hawataki bahari. Anataka milioni 17.5.

Mke wangu anasema faiba. Mimi kila nikipita pwani nikaiona ile mashua imekaa kwenye nanga, naiona kama yangu tayari. Nipeni mawazo, hasa mliowahi kumiliki chombo, si kupanda tu.

Kibua Mkavu

Msikilize mkeo. Uzi ufungwe.

Nahodha Mstaafu

Mleta mada, kabla ya mbao na faiba nijibu mawili. Utakwenda baharini mwenyewe au utampa mtu? Na utavua kwa zana gani?

Nauliza kwa sababu umetaja bei za vyombo lakini hukutaja hata kipande kimoja cha wavu. Ukitoa 17.5 kwenye 19 inabaki milioni moja na nusu. Mashua ya futi 36 inataka watu wanane mpaka kumi. Hao watu wanane utawapa nini mkononi? Kwa wavu wa dagaa na vibua unaoifaa mashua ya ukubwa ule, bei yake inakaribia bei ya mashua yenyewe, na hapo hujaweka taa, jenereta na kamba. Mashua bila wavu ni nyumba nzuri ya kunguru.

Nilinunua chombo kikubwa mwaka 2009 kwa akili kama hiyo yako. Miezi mitano kikakaa nanga nikitafuta mwenye nyavu tushirikiane. Nilipompata, yeye ndiye akawa tajiri, mimi nikawa mlinzi wa mashua yangu.

Baharia wa Kipumbwi

Nahodha, shikamoo. Nakwenda mwenyewe, sina mpango wa kumpa mtu. Zana: nina vipande vinne vya jarife, viwili vimechoka. Nia yangu ni mshipi kwanza, changu, chewa na kolekole, maji ya kina huku kwenye mkondo wa Pemba, nguru msimu ukifika. Nyavu nitaongeza taratibu.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Basi umeshajijibu nusu. Kwa mshipi, ubavu wa mashua haukuongezei samaki, unakuongezea vinywa.

Mama Karanga

Niruhusuni na sisi wa pwani kavu. Nakaanga samaki mwaka wa 16 huu na nina boti mbili ndogo zinazoniletea. Mimi siendi baharini, ndiyo maana sina kikubwa. Chombo kikubwa kinarudi usiku, kinashusha pengine popote, nahodha anakwambia leo tumepata ndoo nne, utabisha nini? Wadogo wanarudi asubuhi mbele ya macho yangu, mnada unapigwa nikiwapo.

Ila mdogo wangu, wewe unakwenda mwenyewe kwa hiyo hilo halikuhusu sana. Linalokuhusu ni hili: mashua haipandi pwani. Inakaa nanga. Kwa hiyo unahitaji hori, mtumbwi mdogo wa kuwavusha watu na samaki, na mlinzi wa usiku. Mlinzi hajui kama leo mmepata au mmekosa, mwisho wa mwezi anataka chake.

Ziwani Kwetu

Huku Ukerewe mtumbwi wa mbao tunaupa miaka michache tu, ukizidi hapo unabandika bati kila siku. Mashua ya miaka 11 hiyo ni marehemu, mkuu. Chukua faiba.

Kalafati wa Nungwi

Ndugu yangu wa ziwani, usifananishe. Maji yenu matamu. Mbao inaozeshwa na maji matamu na hewa, si chumvi. Hapa kwetu ziko mashua zina miaka 30 na zinakwenda, kwa sababu zilijengwa kwa mbao ya maana na zinapandishwa kwa wakati. Na iko ya miaka minne imekwisha kwa sababu tajiri wake aliiacha na maji ya mvua yamejaa ngama, kule chini tumboni mwa chombo, masika mazima. Miaka si hoja. Hoja ni mwenyewe alikuwa akiishi nayo vipi.

Mleta mada, kabla hujasema ndiyo wala la, fanya hivi.

Usiikague ikielea. Ngoja bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, mwambie mwenyewe aisogeze wakati maji yamejaa, yakitoka ikae mchangani. Utapata saa kadhaa za kuitazama chini yote. Nenda na kisu chembamba, nyundo ndogo na tochi.

Anza kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, na ule ubao wa kwanza unaoshikana nao. Chomeka kisu taratibu, hasa karibu na misumari. Kisu kikikataa, endelea. Kikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya. Gonga kwa nyundo: mbao nzima inalia, mbao iliyooza inabwata. Tafuta vitundu kama vya sindano kwa nje. Wale wadudu wa baharini wanaingia wadogo halafu wanachimba handaki kwa ndani, nje huoni kitu, ndani ubao umekuwa sega la nyuki. Ndiyo maana chombo kinapandishwa kila baada ya miezi mitatu minne, kinasafishwa na kupakwa.

Halafu ingia ndani. Taruma moja moja, zile mbavu za ndani zinazoshika mbao, tazama kama limepasuka pale msumari ulipopita. Ukiona machozi ya kutu yanashuka kutoka kwenye kichwa cha msumari, jua ule msumari umebaki jina tu. Kisha nenda nyuma kwenye fashini, lile gogo lililosimama mwisho wa chombo, pale shafti ya injini inapopita. Mashua nyingi zilijengwa kwa tanga, injini ikaja baadaye, wakatoboa. Mtetemo wa dizeli unalegeza kila kitu kuanzia hapo kwenda mbele.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawalifanyi. Ikirudi majini, ngama ifuliwe yote jioni mbele yako, ikauke. Mlale. Alfajiri njoo utazame maji yamepanda wapi. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja kidogo, hilo lisikutishe. Lakini kama kinataka upo, kufuliwa maji, mara mbili usiku mmoja na kimesimama tu, baharini na mawimbi itakuwaje?

Na rangi mpya usiipende. Ukikuta pamba ya kalafati, ile inayoziba maungio ya mbao, imetiwa upya ubavu mzima kwa mkupuo mmoja, uliza kwa nini.

Kibua Mkavu

Kalafati, hapo umeua. Nimeshika simu hapa nataka kwenda kumpima mwenye nyumba wangu kwa kisu.

Mwana Shimoni

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mmeisema mbao vizuri, sasa niiseme faiba maana watu wakisikia "mpya" wanafumba macho.

Niliwahi kununua faiba mpya kabisa, ikapasuka sakafu mwaka wa pili. Fundi alibana mkeka, zile tabaka za nyuzi za faiba, na rangi ikaficha. Tangu siku hiyo nikiagiza boti nasimama pale wakati inamwagwa. Kama huwezi kusimama kila siku, mwambie fundi akitoboa tundu la kutolea maji asitupe kile kipande, akupe. Utaona unene kwa macho yako, na utaona kama tabaka zimeshikana au zinabanduka kama chapati.

Tazama ubao wa nyuma unaobeba mashine. Ndani ya faiba pale kuna mbao. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, inaoza polepole na siku moja mashine inabaki mkononi. Matundu yote yazibwe vizuri kabla bolti haijaingia. Na pima urefu wa ubao huo kabla hujanunua mashine, kuna ya mguu mfupi inchi 15 na ya mguu mrefu inchi 20. Ukikosea, ama inakunywa hewa kwenye wimbi ama inaburuza maji.

Halafu muulize kama ndani ya viti kuna povu la kuelea. Mbao ikijaa maji mara nyingi inabaki juu juu, watu wanashika. Faiba isiyo na povu ikijaa maji inakwenda chini na mashine yako.

Baharia wa Kipumbwi

Hili la povu sikulijua kabisa. Ahsante sana.

Mtu wa Kilindoni

Mimi natetea mashua, maana naona mnamkimbiza mwenzenu.

Mnasahau upepo wa kusi. Futi 23 mwezi wa sita na wa saba itakaa chini ya mnazi siku ngapi? Upepo ukishika unakwenda asubuhi moja kati ya tatu, na ukienda unavua karibu, mahali ambapo kila mtu anavua. Mashua ya futi 36 inatoka, inalala baharini, inabeba barafu ya siku tatu, inakwenda dago. Na samaki akiadimika kwa wengine bei inakuwa nzuri kwako. Mimi kipindi cha kusi ndicho kinachonilipia ada za watoto.

Kingine, dizeli. Mashine ya petroli HP 15 ukiifungua yote inakula karibu lita saba kwa saa. Injini ya dizeli ya nguvu hiyo inakula kama nusu yake, na upepo ukiwa wako unaizima unapandisha tanga. Jaribu kupandisha tanga la maana kwenye faiba.

Nahodha Mstaafu

Mtu wa Kilindoni, hoja ya kusi ni ya kweli, siipingi. Lakini wewe una mashua ngapi na nyavu ngapi?

Mtu wa Kilindoni

Mbili. Nyavu nilizikuta kwa marehemu mzee.

Nahodha Mstaafu

Haya.

Mtu wa Kilindoni

Nimekuelewa, lakini hoja inabaki. Ila nikiwa mkweli niongeze na la upande wa pili. Kimbunga Hidaya kilipokuja kwetu Mafia Mei 2024, wenye vidogo walivivuta juu kabisa kwenye minazi wakaenda kulala. Mimi nilikuwa na chombo nanga nikikitazama kwa tochi. Kilipona kimoja, kimoja kilikata kamba, matengenezo yake yalinimaliza.

Hesabu Kwanza

Naweka hesabu, mnirekebishe. Natumia bei za huku kwangu Pangani mjini.

Boti ndogo, watu watatu, mshipi. Petroli lita 20 na oili yake (moja kwa hamsini, kwa hiyo lita 20 ni oili mililita 400), barafu, chambo, chakula: tuseme 95,000 kwa safari. Mkileta kilo 30 mnada ukapiga 8,000 kwa kilo ni 240,000. Toa masurufu, yaani hizo gharama za safari, inabaki 145,000. Mafungu matano: chombo moja, mashine moja, watu watatu. Kila fungu 29,000. Mleta mada anakwenda mwenyewe na vitu ni vyake, anachukua matatu, 87,000. Siku mkikosa, hasara ni hiyo 95,000 na inauma lakini unalala.

Mashua, watu wanane, siku tatu baharini. Masurufu hayapungui 350,000. Ili na yeye apate 87,000 kwa siku, yaani kama 261,000 kwa safari, na mafungu ni kumi naye anachukua matatu, lazima baada ya masurufu ibaki 870,000. Jumla 1,220,000, karibu kilo 150 kwa bei ile ile. Mishipi minane siku tatu inawezekana. Lakini mkikosa mara mbili mfululizo, milioni moja na nusu yake yote ya akiba imebaki nusu, na mabaharia wanane wanaanza kuangalia chombo cha jirani.

Hapo sijaweka kupandisha mashua, kalafati, rangi na mlinzi.

Mama Karanga

Na usisahau kitoweo. Watu wanane kila mmoja na mfuko wake mweusi.

Kibua Mkavu

Mama umetutaja hadharani.

Mgosi wa Kaya

Mkuu, mmeulizia TADB, Benki ya Maendeleo ya Kilimo? Kulikuwa na mikopo ya boti za kisasa isiyo na riba, pitia kwa afisa uvuvi wa wilaya. Na kwa ile mashua, mwenyewe akuonyeshe karatasi zote, usajili na leseni ya chombo, majina yafanane na yake. Mauziano yaandikwe mbele ya uongozi wa kijiji na BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi pwani, wajue. Mtu akifa katikati ya malipo, wale watoto wasiotaka bahari watairudia bahari siku hiyo hiyo.

Baharia wa Kipumbwi

Afisa uvuvi nimeshamwona, kanishauri nijiunge na kikundi, hilo nalifuatilia pembeni. Bamvua ni wiki ijayo. Nimeongea na mzee, kakubali kuipweleza mchangani. Kuna fundi wa hapa nitakwenda naye. Narudi na majibu.

Mwana Shimoni

Ukienda na fundi, mlipe wewe. Fundi anayelipwa na muuzaji ana kisu butu.

Baharia wa Kipumbwi

Wakuu nimerudi. Siku 12 zimepita, samahani, tulikuwa na msiba.

Tuliikagua saa tatu nzima. Mkuku mzima, kisu kilikataa kote. Mbao za ubavu nzuri, mzee aliitunza kweli, mpaka nilijisikia vibaya kuigongagonga mbele yake. Tatizo liko nyuma kama alivyosema Kalafati. Fashini pale kwenye shafti kisu kiliingia mpaka mpini. Mbao mbili zinazoshikana nayo nazo zimelegea. Mataruma matano ya nyuma yamepasuka. Ngama tuliifua magharibi, alfajiri maji yalikuwa juu ya kifundo cha mguu. Injini iliwaka, lakini moshi mweupe haukukoma hata ilipopata moto.

Fundi anasema milioni 4.5 mbao na kazi, bila injini, na miezi miwili mchangani.

Mzee hakubisha. Kashusha mpaka milioni 13. Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo, maana 13 na 4.5 inarudi kuwa 17.5 ile ile, ila nitakuwa na mashua iliyofanyiwa upya nyuma.

Kalafati wa Nungwi

Fundi wako ni mkweli, lakini 4.5 ni ya alichokiona. Ukifungua fashini utakuta cha ndani. Mimi mteja namwambia weka na nusu yake tena juu. Mashua yenyewe ni nzuri, ningekuwa na fedha na nyavu ningeichukua mimi.

Nahodha Mstaafu

Miezi miwili ya fundi ni minne. Hiyo minne utakula nini? Na ukianza leo unaiteremsha kusi imeshakolea, una injini ya moshi mweupe na mabaharia usiowajua.

Nakuuliza tena kama mwanangu: milioni 13 ile inanunua mashua, au inanunua kuitwa tajiri?

Baharia wa Kipumbwi

Umenipiga penyewe, mzee.

Mtu wa Kilindoni

Hapa hata mimi najitoa. Nilikuwa natetea mashua inayokwenda, si inayolala. Chukua faiba, lakini mwambie fundi akupandishie ubavu kidogo na mbele pawe juu, kusi utapata siku mbili tatu zaidi kila wiki.

Mwana Shimoni

Na mashine usiiache pwani. HP 15 ina kilo kama 36, inabebeka begani. Yangu ya kwanza iliibiwa ikiwa imefungwa mnyororo, wezi walikata ubao wa nyuma wakaondoka na mnyororo pia. Na kila ukirudi izungushe kwenye pipa la maji ya kisima dakika kumi, chumvi itoke.

Mama Karanga

Ikianza kuleta samaki niambie, Kipumbwi si mbali.

Baharia wa Kipumbwi

Wakuu, nimelipa nusu kwa fundi wa faiba jana. Tumekubaliana futi 24, ubavu umepanda inchi nne, povu kwenye viti vyote vitatu, na kipande cha tundu atanikabidhi. Imeongezeka milioni moja kasoro. Mashine nachukua mwishoni, boti ikiwa tayari. Inabaki kama milioni mbili na nusu ya sanduku la barafu, mishipi, makoti ya kuokolea na masurufu ya safari za mwanzo. Mke wangu hajasema kitu, anatabasamu tu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nilikwenda kwa mzee kumwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Hakukasirika. Kaniuzia nanga ya mashua na kamba pima 40 kwa laki mbili. Kasema nanga hiyo haijawahi kuachia.

Nahodha Mstaafu

Nanga ya futi 36 kwenye boti ya futi 24? Umejaribu kuipandisha peke yako?

Baharia wa Kipumbwi

Nimeibeba kutoka pwani mpaka nyumbani. Leo siwezi kuinama.